Neno la Siri na Mrithi wa Waraka

Mnamo mwaka wa 2002, kituo kimoja cha lugha na utamaduni nchini Norway, kilichopewa jina la Ivar Aasen, kilifikwa na jambo la ajabu. Aasen, kwa wasiomjua, ni yule mwanaisimu wa karne ya 19 aliyezunguka vijijini akikusanya lahaja za watu wa kawaida, kisha akazifanya msingi wa mojawapo ya lugha sanifu mbili za maandishi ambazo taifa hilo linazitumia hata leo. Kituo chenyewe kilikuwa kikihifadhi maktaba ya Profesa Reidar Djupedal, mtaalamu wa lugha aliyefariki mwaka wa 1989. Orodha ya maelfu ya vitabu vya maktaba hiyo ilikuwa ndani ya tarakilishi, nayo ilikuwa imefungwa kwa neno la siri. Aliyelijua neno hilo alikuwa ameaga dunia. Wakuu wa kituo walipokata tamaa ya kubahatisha, walitoa tangazo hadharani wakiwaomba wadukuzi, watu ambao kwa kawaida hufukuzwa mlangoni, waje wawasaidie kuuvunja mlango. Haukupita muda mrefu kabla ya jawabu kupatikana. Neno lilikuwa ladepujd, yaani jina la Djupedal lililosomwa kutoka mwisho kuelekea mwanzo.

Mtoto wa pwani angelicheka. Huo ni ndugu wa mchezo wa kinyume, ambao Waswahili wamekuwa nao tangu zamani. Edward Steere, askofu aliyeishi Unguja katika karne ya 19, aliupa uzito kiasi cha kuweka mifano yake katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Katika kinyume, silabi ya mwisho huondolewa mahali pake ikatangulizwa: nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita. Vijana wawili wanaouweza mchezo huo wanaweza kuteta mbele ya mgeni naye asipate hata chembe. Lakini siri ya kinyume haimo katika maneno. Imo katika kanuni. Mgeni akishaijua kanuni, siri yote imekwisha, ya jana na ya kesho.

Nimekieleza kisa cha Norway kwa kuwa kina mambo mawili yanayopingana ndani yake, nayo ndiyo yanayonisukuma kuandika. Neno lile lilikuwa dhaifu mno kumzuia mwizi, ilhali lilikuwa na nguvu za kutosha kuwazuia wenye mali. Hivyo ndivyo nyaraka zetu nyingi zilivyofungwa katika vyuo vikuu, katika afisi za serikali na hata majumbani. Tumeazima kufuli bila kujiuliza linamzuia nani.

Kuhusu istilahi nitasema machache. Wapo wanaoandika nywila, na wapo wanaoandika nenosiri. Mimi nitasema neno la siri, kwa sababu ndivyo karani wa idara yetu anavyosema, naye ndiye anayefungua nyaraka nyingi kuliko maprofesa wote wakijumlishwa.

Tuanze na tofauti ambayo aghalabu husahaulika. Neno la siri la akaunti ya benki au la barua pepe hulindwa na mlinzi. Ukikosea mara tatu mashine ya kutolea pesa huimeza kadi yako. Ukikosea mara kadhaa mtandaoni akaunti hufungwa kwa muda, au ujumbe hutumwa kwenye rununu ya mwenyewe. Waraka uliofungwa hauna mlinzi wa aina hiyo. Mtu akiupata, kwa kuuiba au kwa kutumiwa kimakosa, huenda nao nyumbani, akaketi nao, akaujaribu mara milioni kumi bila mtu yeyote kupiga kelele. Mchana na usiku mashine yake hubahatisha, wala haichoki. Kwa hivyo neno ambalo lingetosha kwa akaunti huenda lisitoshe kabisa kwa waraka.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Neno la akaunti likifichuka, hubadilishwa jioni iyo hiyo na hatari ikapungua. Waraka hauna bahati hiyo. Nakala iliyokwisha kutoka mikononi mwako itafunguka kwa neno la kale milele, hata kama wewe ulibadilisha neno la nakala yako mara mia. Ulimwengu ulifunzwa hayo kwa gharama kubwa mnamo mwaka wa 2011. WikiLeaks ilikuwa imempa mwandishi mmoja wa gazeti la The Guardian neno la kufungulia faili yenye ripoti za siri za balozi za Marekani, zikiwemo zilizoandikwa Nairobi. Neno lenyewe lilikuwa refu kama sentensi, na tahadhari zaidi ilichukuliwa: neno moja katika sentensi hiyo halikuandikwa kwenye karatasi, bali mpokeaji alitakiwa alikumbuke na kulitia mahali pake. Ni ustadi wa kupendeza. Hata hivyo, waandishi wawili wa gazeti hilo walipochapisha kitabu mapema mwaka huo kuhusu sakata lenyewe, walilichapisha neno zima, pamoja na lile la kukumbukwa. Gazeti lilieleza baadaye kwamba waliamini neno hilo lilikuwa la muda tu. Wakati huo nakala za faili ile zilikuwa zimekwisha kuenea mtandaoni, kimya kimya, zikiwa zimefungwa. Kufikia Septemba 2011 ripoti zote 251,287 zilikuwa wazi kwa kila mtu, pamoja na majina ya watu waliozungumza na mabalozi kwa ahadi ya kutotajwa. Hakuna hesabu iliyovunjwa hapo. Kilichovunjika ni dhana ya waandishi kwamba neno la waraka huzeeka na kufa.

Sasa tuingie ndani ya kufuli lenyewe. Programu za kuandikia na kusomea nyaraka huwa na vifungo vya aina mbili, navyo huwekwa karibu karibu kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kifungo cha kwanza huugeuza waraka wote kuwa fumbo. Bila ya neno, kilichomo ndani ni mchafuko wa alama usio na maana kwa mtu wala kwa mashine. Kifungo cha pili hakigeuzi chochote. Maandishi yamo humo humo, yanasomeka, ila waraka umebandikwa agizo: usihariri, usinakili, usichapishe. Programu yenye adabu hulitii agizo hilo. Programu isiyo na adabu hupita. Ni mfano wa kibao cha "Mbwa mkali" katika ua usio na mbwa. Hata anayefunga jedwali la alama za wanafunzi ili lisihaririwe, akidhani kuwa amelificha, amefanya kazi ya kuzuia vidole visiteleze tu, macho hajayazuia.

Walio na mali yenye kifungo cha aina hiyo wamewahi kutafuta hifadhi kwa polisi. Mnamo Julai 2001 Mrusi mmoja, Dmitry Sklyarov, alikamatwa mjini Las Vegas baada ya kuhutubia kongamano la wadukuzi kuhusu udhaifu wa vifungo vya vitabu vya kidijitali. Programu aliyoshiriki kuitunga ilikuwa ikiviondoa vifungo hivyo. Kampuni iliyomwajiri ilishtakiwa, na Desemba 2002 baraza la wazee wa mahakama likaiona haina hatia. Vifungo vile havikupata nguvu zaidi kwa kesi hiyo.

Hata kifungo cha kwanza, kile cha kweli, kina umri wake. Nyaraka zilizofungwa kwa Microsoft Word ya mwaka wa 1997 hadi ile ya 2003, kwa kadiri programu ilivyokuwa imepangwa na watengenezaji, zilitumia ufunguo mfupi ambao una hali trilioni moja na ziada kidogo. Kwa binadamu idadi hiyo inatisha. Kwa mashine ni kazi ya muda mfupi, na neno lako lingekuwa refu kama utenzi lisingesaidia, kwani mdukuzi hahitaji kulijua. Huujaribu ufunguo wenyewe. Kuanzia toleo la 2007 mambo yalibadilika, na ikaongezwa hila nyingine: toleo hilo na yaliyofuata yanailazimisha tarakilishi ipige hesabu mara maelfu kwa maelfu kabla ya kulikubali au kulikataa neno moja. Mwenye neno sahihi hahisi kitu. Anayebahatisha hucheleweshwa kila hatua. Basi mwenye nyaraka za zamani, na vyuoni tunazo tele, azifungue na kuzihifadhi upya katika muundo mpya, la sivyo amefunga mlango wa karatasi.

Kufuli likishakuwa zuri, linabaki neno. Hapa nazungumza kama mtu wa taaluma yangu, na naomba msomaji anivumilie. Aliyeeleza jambo hili vizuri zaidi kuliko wengine alikuwa mwalimu wa lugha. Auguste Kerckhoffs, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Kijerumani mjini Paris, alichapisha mwaka wa 1883 makala kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi. Alisema, kwa ufupi, kwamba mtindo wa kuficha usihitaji kuwa siri; adui auteke, ausome, aujue wote, na bado asiweze kusoma barua madhali hana ufunguo. Uzito wote uwe katika ufunguo. Kwa kipimo hicho kinyume kimeanguka, na jina lililogeuzwa limeanguka, maana vyote vinategemea adui asijue mtindo.

Je, ufunguo mzuri ni upi? Kwa miaka mingi tuliambiwa tuchanganye herufi kubwa, tarakimu na alama, na tubadilishe kila baada ya siku 90. Ushauri huo ulienea kutokana na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani wa mwaka wa 2003. Mwandishi wake mkuu, Bill Burr, alikiri mwaka wa 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika, na mwaka uo huo taasisi ikatoa mwongozo mpya wenye kuthamini urefu kuliko vikorombwezo. Watu walikuwa wamejifunza kuandika Mombasa1!, kisha Mombasa2!, na mashine zilikuwa zimejifunza pamoja nao.

Lakini urefu nao una mtego, hasa kwa sisi wenye Kiswahili. Lugha yoyote hutabirika. Bila hivyo tusingeelewana. Claude Shannon alionyesha mwaka wa 1951, kwa kuwatahini watu wabahatishe herufi inayofuata katika maandishi ya Kiingereza, kwamba msomaji hupatia mara nyingi ajabu, kwa kuwa yaliyotangulia yamekwisha kumpa habari nyingi kuhusu yajayo. Kiswahili kinatabirika kwa namna yake. Takriban silabi zetu zote huishia kwa vokali, nazo vokali ni tano tu. Chukua herufi nane zilizopangwa ovyo kutoka alfabeti ya herufi 26: mipangilio yake ni zaidi ya bilioni 208. Sasa chukua neno lenye umbo la Kiswahili la herufi nane, yaani silabi nne za konsonanti na vokali. Tukikadiria silabi za aina hiyo kuwa 100, mipangilio inaporomoka hadi milioni 100. Na hapo bado sijadai neno liwe na maana.

Sentensi hutabirika zaidi kuliko neno. Upatanisho wa kisarufi, ambao ni fahari ya lugha yetu na mada ninayoifundisha kila mwaka, ni zawadi kwa mdukuzi. Ukianza na kitabu, kivumishi kitaanza na ki, kitenzi kitaanza na ki, na kiwakilishi kitajileta chenyewe. Kila neno limekwisha kumteta jirani yake. Na wale wanaodhani wamejificha katika methali wamejificha uwanjani. Harakaharakahainabaraka ni neno lenye herufi 23, refu kweli kweli, ila kila aliyepitia darasa la nne analijua, na kila anayetengeneza orodha ya kubahatisha maneno ya Waswahili ataanza na methali. Aya za misahafu na beti mashuhuri ziko katika mkumbo huo huo.

Dawa yake ni kuinyima akili nafasi ya kuchagua. Mwaka wa 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alieneza mtindo wa dadu. Huwa na orodha ya maneno 7,776, kila moja na nambari yake ya tarakimu tano. Unarusha dadu mara tano, unasoma nambari, unachukua neno. Unarudia hadi upate maneno kadhaa yasiyojuana. Kwa Kiswahili yangekuwa kitu kama: jongoo sufuria kesho mlingoti. Hakuna upatanisho hapo, hakuna hadithi, na kwa sababu hiyo hiyo akili huikumbuka picha yake kwa urahisi. (Haya manne sasa yamechapishwa gazetini, basi yasitumiwe.) Tuseme tarakilishi ya mwizi inajaribu maneno 10,000 kwa sekunde dhidi ya waraka wa kisasa. Kuimaliza mipangilio yote ya maneno manne ya dadu kutaichukua zaidi ya miaka 11,000. Ajaye na tarakilishi elfu moja atahitaji miaka 11, basi mwenye siri nzito na atumie maneno sita.

Linganisha na desturi iliyoenea nchini mwetu. Taasisi nyingi, zikiwemo za fedha, zimezoea kuwatumia watu taarifa zao zikiwa zimefungwa kwa nambari ya kitambulisho cha taifa. Tarakimu nane ni mipangilio milioni 100, sawasawa na zile silabi nne. Kwa kasi ile ile ya 10,000 kwa sekunde, zote zinamalizika kwa muda usiotimia saa tatu. Lakini mwizi ana haja gani ya kusubiri saa tatu? Ingia katika jumba lolote la afisi jijini Nairobi: mlinzi wa langoni atakupa daftari, nawe utaandika jina lako, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na saa ya kuingia, chini ya mistari ishirini ya waliokutangulia, yote wazi. Neno la siri lililoandikwa katika kila daftari la mlinzi mjini halistahili kuitwa la siri.

Vyuoni hatuna haki ya kuwacheka. Karatasi ya mtihani huzaliwa katika kipakatalishi cha mhadhiri, hutumwa kwa mtahini wa nje kwa barua pepe, hurudi na masahihisho, huenda kwa karani, huenda kwa mpiga chapa. Katika safari hiyo nimeona mara nyingi waraka uliofungwa vizuri ukifuatana, katika barua pepe iyo hiyo, na sentensi inayoeleza neno la kuufungua. Ni kama kulifunga sanduku na kuuning'iniza ufunguo kwenye mpini wake. Neno na lipitie njia nyingine: lisemwe kwa simu, au lipelekwe kwa mkono. Taifa lilikwisha kuonja uchungu wa karatasi kuvuja. Baada ya mitihani ya 2015 kuvuja, bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa Machi 2016, na karatasi zikaanza kuhifadhiwa katika makontena ya chuma yenye kufuli mbili ambazo funguo zake hushikwa na maafisa wawili tofauti. Kufuli mbili na watu wawili: wazo hilo litatufaa baadaye.

Karatasi za mtihani, hata hivyo, huisha thamani siku mtihani unapofanywa. Kuna nyaraka ambazo hatari yake huongezeka kwa miaka. Mwanafunzi mmoja niliyesimamia tasnifu yake alikusanya ushahidi wa matumizi ya lugha katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007: nani aliitwa nani, kwa neno gani, na jirani yupi. Watu walimwambia mambo ambayo hawakuwaambia hata watoto wao. Katika tasnifu walikuwa Mhojiwa wa Kwanza, Mhojiwa wa Pili, na kuendelea. Lakini palikuwa na faili ya pili, ndogo, ya kurasa tatu, iliyolinganisha kila nambari na jina la mtu na kijiji chake. Faili hiyo ilikuwa katika flashi ambayo mwenyewe alikuwa akiichomeka katika saiba kila alipotaka kuchapisha sura. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamtaka kila ahifadhiye habari za watu achukue hatua za kiufundi kuzilinda, na inakutaja kuzigeuza habari kuwa fumbo miongoni mwa hatua hizo. Habari zikivuja kwa namna inayohatarisha watu, kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Sheria ni nzuri. Ila mtu wa kijijini aliyemtaja jirani yake hatasaidiwa na arifa iliyofika kwa kamishna.

Hapo ndipo ninapowagombeza wenzangu, na sitafuni maneno. Tunafunga yasiyopaswa kufungwa na kuacha wazi yanayopaswa kufichwa. Mswada wa kamusi ya lahaja, rekodi za mzee akisimulia jinsi walivyojenga mashua, orodha ya majina ya samaki na pepo: hivyo tunavifunga kwa wivu, tukihofia mwenzetu atatangulia kuchapisha. Wazee waliotupa maneno hayo hawakutupa ili yalale katika tarakilishi ya mtu mmoja. Na lahaja ambayo wasemaji wake wanapungua haina muda wa kumngoja msomi akumbuke neno lake la siri. Kamusi ya aina hiyo ikifungwa na mwenye neno akafa, hakuna mdukuzi wa kuiomba msaada ikiwa alitumia maneno sita ya dadu. Kadiri kufuli linavyokuwa bora, ndivyo kifo kinavyokuwa kamili zaidi. Maadamu nimetumia aya nzima kuwafundisha watu kufunga kwa nguvu, nina wajibu wa kulisema hilo pia.

Kwa hivyo, kabla ya kufunga waraka wowote, swali langu la kwanza huwa kama unastahili kufungwa. Mwingi haustahili. Unaostahili huwa mdogo, kama zile kurasa tatu za majina, na udogo huo ni neema: majina yatengwe, yafungwe kwa nguvu zote, na tasnifu na rekodi zilizosafishwa ziachwe wazi maktabani. Swali la pili ni nani atalipata neno nikitoweka kesho. Wengine huliandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya meza, jambo ambalo linachekesha mpaka siku meza inapouzwa. Karatasi yenyewe si dhambi. Karatasi iliyotiwa ndani ya bahasha yenye lakiri, ikawekwa katika sefu ya idara au kwa wakili, ni salama kuliko kumbukumbu ya mtu wa miaka 70, na haiwezi kuibwa na mtu aliye upande wa pili wa bahari.

Anayemwogopa mshika bahasha anaweza kuazima hekima ya yale makontena. Maneno yagawanywe: nusu kwa mtu mmoja, nusu kwa mwingine, wasioonana kila siku. Lakini hesabu ifanywe kwanza. Mwenye kushika maneno matatu kati ya sita amebakiza matatu tu ya kubahatisha, na kwa mashine ile ya maneno 10,000 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mtu mwenye subira, au mwenye mashine kumi, anaweza kuimaliza. Kwa hivyo yawe manane, ili kila nusu iwe na manne.

Mwanafunzi niliyemtaja alirusha dadu mara arubaini, akaandika maneno yake manane kwa mkono katika karatasi mbili, akaifunga faili ya majina katika muundo mpya, kisha akaifuta ile iliyokuwa katika flashi, na flashi yenyewe akaivunja kwa nyundo. Bahasha moja imo katika sefu ya idara. Ya pili iko kwa mtu ambaye mimi simjui, na nilimwomba asinitajie.